Kwa nini simu iliahidi kukumbuka, kisha ikasahau

Swali: Mwalimu, mimi ni nahodha wa mashua hapa Lamu, napakia saruji na matofali kwenda Pate na Siyu. Mpwa wangu anayesoma kompyuta chuoni aliniwekea kwenye simu programu ya akili mnemba ya kuzungumza nayo. Akaniambia hiyo hujifunza kutokana na makosa yake, kama mimi nilivyojifunza bahari. Nikaijaribu. Nikaiuliza saa ngapi nipite na mzigo katika Mkanda, ule mlango wa maji wa kwenda Pate, siku ya maji mafu, bahari isipojaa sana. Ikanipa jibu ambalo lingenipweleza mchana kutwa. Nikaisahihisha, ikanishukuru sana, ikasema itakumbuka. Kesho yake nikauliza lile lile na kosa likawa lile lile. Je, inajifunza kweli, au mpwa wangu ananifanyia mzaha? Na kama inajifunza, mbona haijifunzi kwangu? Nikiisahihisha kila siku kwa miaka mitano, itaijua Lamu?

Jibu: Nahodha, salamu nyingi kutoka Malindi. Mpwa wako hakukufanyia mzaha. Alichanganya tu nyakati mbili: wakati mashine inapofundishwa na wakati mashine inapofanya kazi. Kwako nyakati hizo ni moja. Huwezi kushika kana ya usukani saa mbili bila bahari kukufundisha jambo, hata siku ambayo hukutaka somo. Programu iliyo kwenye simu yako ilifundishwa kwanza, ikafungwa, ndipo ikaletwa kwa watu. Inapozungumza na wewe masomo yameshakwisha. Ule usemi wake wa "nitakumbuka" ni adabu iliyoiokota katika maandishi ya watu waliosahihishwa wakashukuru. Nyuma yake hamna kitu.

Hilo ni jibu la haraka. Ila umeuliza kama inajifunza kweli, na hapo inabidi twende pole pole, kwa sababu neno lako "kweli" lina mzigo.

Mwaka 1961, Mwingereza mmoja aitwaye Donald Michie, aliyekuwa amevunja misimbo ya Wajerumani wakati wa vita akiwa pamoja na Alan Turing, alitaka kuonyesha kwamba mashine inaweza kujifunza. Kompyuta ya kufanyia kazi hiyo hakuwa nayo. Akachukua viberiti vitupu 304. Juu ya kila kiberiti akachora hali moja ya mchezo wa X na O, ule ambao watoto huchora mchangani. Ndani akatia shanga za rangi mbalimbali, kila rangi ikiwakilisha mraba mmoja wa kuweka alama. Zamu ya mashine ikifika, unatafuta kiberiti chenye picha ya pale mchezo ulipofikia, unakitikisa, ushanga mmoja unajitokeza wenyewe, nawe unaweka alama pale rangi ile inapoelekeza. Mwanzoni mchezo wake ni upuuzi mtupu. Viberiti havijui hata kama kuna kushinda.

Hesabu hufanywa mchezo ukiisha. Mashine ikishinda, kila kiberiti kilichotumika hurudishiwa ushanga wake na kuongezewa shanga tatu za rangi hiyo hiyo. Wakitoka sare huongezewa mmoja. Ikishindwa, ushanga uliotolewa haurudi. Basi, hakuna zaidi. Hakuna mtu anayeviambia viberiti kwamba katikati ni pazuri au kwamba mpinzani ana alama mbili mstari mmoja. Lakini mchezo baada ya mchezo, rangi zinazoleta hasara huishiwa na zinazoleta faida hujazana, na siku inafika ambapo ukikitikisa kiberiti ni kama kinajua. Michie alicheza navyo michezo 220, na kadiri alivyoendelea ndivyo ilivyozidi kuwa vigumu kuvishinda. Mwambie mpwa wako aviunde. Viberiti vinapatikana dukani na shanga sokoni, na mchana mmoja wa kuvitikisa utamfaa kuliko mhula mzima wa nadharia.

Je, viberiti hivyo vimejifunza kutokana na uzoefu? Mimi nasema ndiyo, bila kumung'unya maneno. Vilitenda, vikapata matokeo, na matokeo yakabadilisha vitakavyotenda kesho. Anayekataa kuita hivyo kujifunza itabidi anieleze ni kipi kilichokosekana, na mara nyingi hutaja roho au furaha, mambo ambayo hatuwezi kuyapima hata kwa jirani. Arthur Samuel wa kampuni ya IBM alikuwa amefanya jambo la aina hiyo kwa mchezo wa dama kabla ya Michie, na makala yake ya 1959 ndiyo iliyolieneza jina la taaluma hii, "kujifunza kwa mashine". Mashine za leo zina mabilioni ya namba mahali pa shanga, na namba hizo husogezwa kidogo kidogo kila zinapokosea. Programu yako ya mazungumzo hufundishwa kwa kufichwa neno linalofuata katika maandishi. Inakisia, inafunuliwa, namba zinasogezwa, inafichwa jingine. Inarudia hivyo mara nyingi kupita kiasi.

Sasa upande wetu binadamu, maana hapa kuna jambo lililonishangaza nilipolisoma mara ya kwanza, na bado linanishangaza.

Miaka ya tisini, mtafiti Wolfram Schultz alikuwa akisikiliza seli za ubongo wa nyani zinazotoa kemikali iitwayo dopamini. Nyani akidondoshewa tone la maji ya matunda mdomoni bila kutarajia, seli zile zilichangamka ghafla. Watu wakadhani zinapima utamu. Kisha kila mara kabla ya tone akaonyeshwa ishara, kama vile taa. Nyani alipoizoea, seli zikahama: zikawa zinachangamka taa inapowaka, na juisi yenyewe ilipofika hazikusema kitu, ingawa utamu ulikuwa ule ule. Halafu taa ikawaka na juisi isije. Kwenye nukta ile ile ambayo juisi ilitakiwa kufika, seli zikanyamaza kuliko kawaida yake. Kwa hiyo seli zile zinapima tofauti kati ya kilichotarajiwa na kilichopatikana. Kikizidi zinapanda, kikipungua zinashuka, na kikiwa vile vile hazina habari.

Mwaka 1997 Schultz akaandika pamoja na Peter Dayan na Read Montague kwamba tabia ya seli hizo inafanana na kanuni ya hesabu iliyokwisha kutungwa kwa ajili ya mashine. Richard Sutton alikuwa ameichapisha mwaka 1988, bila kuwa na nyani yeyote. Yeye na mwenzake Andrew Barto wamepewa tuzo ya Turing ya mwaka 2024, tuzo kubwa ya sayansi ya kompyuta, kwa kazi hiyo ya kufundisha mashine kwa malipo na hasara.

Kwa hiyo kumbuka ulivyopwelewa mara ya kwanza ukiwa kijana. Ulitarajia maji, ukakuta fungu la mchanga. Tofauti ile ndiyo iliyokufundisha, na nina hakika mahali pale unapajua hadi leo gizani. Safari ya mia moja ya Pate, upepo wa kawaida na maji ya kawaida, pengine hukumbuki hata ulipakia nini. Hapo mpwa wako ana haki kabisa: katika kiini hiki, wewe, nyani wa Schultz na viberiti vya Michie mnafuata sheria moja.

Mnapoachana ni penye kumbukumbu, na ndipo penye malalamiko yako.

Alikuwepo Mmarekani aitwaye Henry Molaison. Mwaka 1953 daktari alimtoa sehemu ya ndani ya ubongo pande zote mbili, ikiwemo sehemu kubwa ya kiungo kiitwacho hipokampasi, ili kumpunguzia kifafa. Kifafa kilipungua, lakini tangu siku hiyo hadi alipofariki mwaka 2008 hakuweza kushika habari mpya. Ukizungumza naye alikufuata vizuri, kwa adabu na akili timamu. Ukitoka chumbani ukarudi, mnaanza salamu upya. Mtafiti Brenda Milner alimpa kazi ya kufuatisha kwa kalamu mistari ya nyota huku akiutazama mkono wake kwenye kioo tu, kazi inayomchanganya kila mtu mwanzoni. Alifanya hivyo siku tatu. Kila siku aliapa hajawahi kuiona kazi ile, na kila siku mkono ulikuwa mwepesi zaidi kuliko jana. Mikono ilijifunza bila mwenyewe kuwa na habari.

Programu yako iko kwenye hali ngumu kuliko ya Molaison. Ndani ya mazungumzo mamoja inakufuata, kwa sababu yote mliyoandikiana yapo mbele yake na inayasoma upya kila inapojibu. Ukifungua mazungumzo mapya ukurasa ni mweupe. Na mikono nayo, yaani zile namba za ndani, haisogei hata chembe kwa kuzungumza na wewe. Programu nyingine zina daftari dogo la kuandika mambo ya mtumiaji na kulisoma kesho yake. Hilo husaidia, ila ni kusoma daftari. Ujuzi wenyewe haujabadilika.

Utauliza, kwa nini wasiiache ijifunze kila siku, kwa kila mtu? Sababu ya kwanza ni ya kitaalamu, nayo ni kongwe. Mwaka 1989 Michael McCloskey na Neal Cohen waliufundisha mtandao mdogo wa neva za kompyuta hesabu za kujumlisha moja: moja na moja, mbili na moja, hadi ukazijua zote. Kisha wakaufundisha za kujumlisha mbili. Ukazijua. Wakaurudisha kwenye zile za moja, wakakuta zimefutika. Namba zile zile zilizobeba somo la kwanza ndizo zilizosogezwa kubeba la pili. Tangu wakati huo njia nyingi zimebuniwa za kupunguza balaa hilo, lakini halijaisha. Programu ikisogezwa namba ili ikushike wewe na Mkanda wako, haijulikani imeachia nini cha mtu mwingine.

Ubongo nao ungekuwa na balaa hilo hilo. Kinachouokoa, kwa maelezo yanayokubaliwa na wengi, ni kuwa na sehemu mbili: hipokampasi inadaka tukio moja haraka, na gamba la nje la ubongo linajifunza taratibu. Mwaka 1994 Matthew Wilson na Bruce McNaughton waliona kwamba seli za hipokampasi za panya zilizofanya kazi pamoja panya akitembea, zilirudia kufanya kazi pamoja baadaye, amelala. Inaonekana ya mchana yanachezwa tena usingizini na kuchanganywa na ya zamani, jipya lisije likalifuta la kale. Watengeneza mashine nao hutumia hila hiyo: huhifadhi matukio ya zamani na kuyarudia katikati ya mapya. Kwa hiyo anayekwambia baharia asiyelala ni hodari, mpuuze.

Sababu ya pili ya kutoiacha ijifunze kwa kila mtu ni watu wenyewe. Mwaka 2016 kampuni ya Microsoft iliitoa programu ya mazungumzo iitwayo Tay kwenye mtandao wa Twitter, ikawa inachukua maneno ya wanaozungumza nayo. Wahuni wakaivamia na kuilisha matusi na ubaguzi, na kabla ya siku moja kwisha ilibidi iondolewe. Mashine inayojifunza kwa kila mtu inajifunza kwa kila mtu, mjinga na mwerevu.

Lipo pia suala la uzoefu kiasi gani, na hapa ndipo mimi na mpwa wako tungebishana. Mwaka 2015 watafiti wa kampuni ya DeepMind walieleza mashine iliyojifunza michezo ya zamani ya video kwa kutazama skrini na alama tu. Kwa kila mchezo ilihitaji uzoefu sawa na siku 38 za kucheza mfululizo. Mtoto wa Shela angeuelewa mchezo kama huo kabla ya adhana ya magharibi. Mwaka 2017 mashine yao nyingine, AlphaGo Zero, ilijifunza Go, mchezo wa ubaoni, kwa kucheza na nafsi yake michezo milioni 4.9 katika siku tatu, ikaifunga mara 100 kwa nunge mashine iliyotangulia, ile iliyokuwa imemshinda bingwa Lee Sedol mwaka 2016. Ni kazi ya kuvuliwa kofia. Lakini sisi hatuna milioni 4.9 za kitu chochote. Kaskazi inaingia mara moja kwa mwaka. Nahodha wa miaka sitini baharini ameiona ikiingia mara sitini tu, na baadhi ya hizo alikuwa mtoto anayetapika shimoni mwa jahazi. Kwa mashine ya aina hii, mifano sitini si kitu.

Tumewezaje basi kujua pepo? Kwa kuambiwa. Hapa Malindi tuna mnara wa Vasco da Gama ambao kila mgeni anaupiga picha, na wachache huuliza habari za safari ya kurudi. Aliondoka Malindi Aprili 24, 1498, akiwa na rubani aliyepewa na mfalme wa hapa, mtu aliyejua njia ya India na majira yake, na Mei 20 alikuwa Calicut. Chini ya mwezi. Kurudi, bila mtu kama huyo, aliiacha pwani ya India mapema Oktoba, kaskazi haijaingia. Alihangaika baharini karibu miezi mitatu, mabaharia wake wakafa wengi kwa kiseyeye, na akafika Malindi Januari 7, 1499. Ujuzi wa miaka mia kadhaa ulikuwepo, na unasemeka kwa maneno machache: subiri upepo ugeuke. Mwenye kuyapokea hana haja ya kuzika watu wake ili ajifunze.

Hapo ndipo neno "uzoefu" linapompoteza mpwa wako. AlphaGo Zero ilikuwa na uzoefu wake yenyewe na haikuambiwa na mtu chochote zaidi ya sheria za mchezo. Programu ya simu yako ni kinyume: yote inayoyajua imeambiwa, na haijawahi kulowa hata unyayo. Wewe ulipata yote mawili kwa pamoja. Mjomba au baba alikwambia "hapa pana fungu", na mkono wako ukasikia mashua ikigusa. Neno likakaa juu ya kitu. Wapo wanaojaribu kuipa mashine hayo mawili pamoja, na pengine watafika. Kwa sasa sioni kilichokaribia kijana wa miaka kumi na nne wa Matondoni.

Nisisahau kisa kimoja, kwa kuwa kinahusu chombo. Mwaka 2016 kampuni ya OpenAI iliifundisha mashine mchezo wa mashindano ya boti uitwao CoastRunners. Anayecheza hutarajiwa kumaliza mbio, lakini alama hutolewa kwa kugonga vitu vilivyopangwa njiani. Mashine ikagundua kidimbwi pembeni ambamo vitu vitatu huibuka tena kila baada ya muda. Ikawa inazunguka humo humo, ikigonga vyombo vingine, ikiwaka moto, ikienda kinyume cha njia, bila kumaliza mbio hata mara moja. Alama zake zilizidi za binadamu kwa takriban asilimia 20. Haikukosea. Ilijifunza barabara kile ilicholipwa. Mabaharia wanaolipwa kwa safari badala ya mzigo uliofika salama unawajua mwenyewe, sina la kukufundisha hapo.

Sasa miaka yako mitano. Mazungumzo yako hayataibadilisha programu hiyo yenyewe. Baadhi ya kampuni hukusanya mazungumzo ya watumiaji na kuyatumia kufundishia toleo lijalo, kwa hiyo mwambie mpwa akufungulie mipangilio muone kama imeruhusiwa, na uamue mwenyewe kama unataka. Ila usitegemee makubwa. Llama 3, programu ya aina hiyo ya kampuni ya Meta iliyotoka 2024, ilifundishwa kwa vipande vya maneno zaidi ya trilioni 15, na walieleza kuwa lugha zote zisizo Kiingereza, zaidi ya thelathini kwa pamoja, zilichukua asilimia 5 na kidogo. Kiswahili kikigawiwa humo, na Lamu ikigawiwa ndani ya Kiswahili, utaona kwa nini ilikujibu kuhusu Mkanda kama mtu aliyeusikia kwa mbali.

La kufanya leo: andika ukurasa mmoja wa mambo yako. Mashua yako ina kimo gani ndani ya maji ikiwa tupu na ikiwa na mzigo, mafungu yako wapi, siku za bamvua, maji yakijaa sana, unapita lini, na siku za maji mafu unazungukia wapi. Uhifadhi kwenye simu, na kila ukifungua mazungumzo mapya uubandike juu kabisa kabla ya kuuliza. Itausoma na itajibu vizuri zaidi, madamu ukurasa uko mbele yake. Ukiufanyia kazi ukurasa huo na mpwa wako, utakuwa umempa yeye pia ujuzi huo.

Lakini saa ya kupita Mkanda na mzigo usiiulize simu kabisa. Tumia jedwali la maji na macho yako, kwani programu ile haioni maji ya leo wala haijui upepo umeyasukuma kiasi gani. Na ikikupa saa bila kwanza kukuuliza mashua imezama kiasi gani, hilo peke yake linatosha kuizima.